Rahisi Si Nafuu: Bei ya Chini ya Ukarabati Hulipwa na Nani?

Theluji ikiisha kuyeyuka, mitaa ya Toronto hujaa magari ya mafundi. Kwenye bustani za mbele huchomekwa vibao vya makampuni ya paa, madirisha na besimenti, na makasha makubwa ya chuma ya kubebea vifusi huachwa kando ya barabara. Katika nyumba nyingi za jamaa zetu huu ndio wakati ambapo karatasi tatu huwekwa mezani, kila moja ina makisio ya mkandarasi wake. Mbili zinakaribiana. Ya tatu iko chini sana, na mara nyingi hiyo ndiyo inayoshinda.

Tumeichagua mada hii kwa sababu inatugusa pande mbili. Sisi ndio tunaoitwa kusoma karatasi hizo. "Mwanangu, hebu njoo unitazamie hapa wameandika nini," anasema mama, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa biolojia anageuka kuwa wakili na mkalimani kwa jioni moja. Vilevile wengi wetu ni wapangaji. Tunalala katika besimenti ambazo mtu fulani alizikarabati kwa bei fulani, na kama nyaya zilizo juu ya dari zilifungwa vibaya, anayelala chini yake ni sisi.

Hoja yetu ni fupi. Bei ikiwa chini kupita kiasi, gharama iliyokosekana kwenye karatasi imehamia mahali pengine. Kuna mtu atakayeilipa. Inafaa kujua ni nani kabla ya kutia sahihi.

Neno rahisi na mtego wake

Waliosoma Kiswahili darasani wanajua kwamba neno "rahisi" lina maana mbili. Mtihani unaweza kuwa rahisi, yaani si mgumu. Shati linaweza kuwa rahisi, yaani si ghali. Neno lilitoka Kiarabu, na mzizi wake ni uleule uliotupa neno "ruhusa". Huenda ndiyo maana tukisikia bei rahisi tunahisi kama kwamba mambo yote yatakuwa mepesi: kazi itakwenda haraka, fundi hatasumbua, mkataba hautahitajika. Na katika ujenzi wa Toronto ni kinyume kabisa, kwa kuwa anayetoa bei rahisi mno mara nyingi ndiye anayeiruka ruhusa, yaani kibali cha jiji.

Tuna neno jingine lililo bora, nalo ni "nafuu". Mgonjwa akipata nafuu, hali yake imekuwa bora kuliko jana. Bei nafuu, kwa maana hiyo, ni bei inayokuacha katika hali bora baada ya kulipa. Si lazima iwe ndogo kuliko zote. Wazee husema rahisi ni ghali, nasi tungeongeza kwamba rahisi na nafuu si ndugu wa tumbo moja.

Kupatana bei, huko na huku

Wazazi wetu si wageni wa ujenzi. Wengi wamejenga, au wanajenga hata sasa, nyumba Kigamboni, Kisauni au Entebbe kwa fedha wanazotuma kidogo kidogo. Huko utaratibu uliozoeleka ni kwamba mwenye nyumba hununua vifaa mwenyewe: saruji, mchanga, kokoto, nondo, mabati. Fundi hulipwa hela ya ufundi. Mifuko ya saruji inahesabiwa, na kama mwenye nyumba yuko mbali humweka ndugu wa kusimamia. Katika utaratibu huo, ukimshusha fundi bei unagusa malipo ya mikono yake tu. Ukuta uliopangiwa mifuko 20 bado utapata mifuko 20, alimradi msimamizi yuko macho.

Toronto mambo ni mengine. Mkandarasi hutoa bei moja ya kila kitu: vifaa, vibarua, bima, vibali, usafiri, kuzoa vifusi na faida yake. Ukimshusha dola 5,000 hujui amezitoa wapi. Pengine amepunguza faida. Pengine ameacha kumwita fundi umeme mwenye leseni na kazi hiyo ataifanya mpwa wake. Ustadi wa kupatana uliowasaidia wazazi wetu Kariakoo unaweza kuwadhuru Scarborough, kwa sababu kinachopunguzwa hakionekani.

Dola zilizopungua zimeenda wapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia inataka besimenti yake iwe na chumba cha kulala, bafu na jiko dogo. Wakandarasi wawili wanataka dola 41,000 na 39,500. Wa tatu anasema 24,000. Wote watatu wananunua mbao, jipsamu na vigae katika maduka yaleyale. Basi zile 15,500 zimetoka wapi?

Kwanza, kodi. HST ya Ontario ni asilimia 13, yaani dola 1,300 katika kila 10,000. Fundi anayesema "tulipane taslimu, tusiandikiane" anaifuta kodi hiyo, lakini pamoja nayo anafuta risiti, dhamana ya kazi na ushahidi wako mahakamani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, bima. Mkandarasi makini hulipia bima ya dhima, ili bomba likipasuka na kufurika hadi kwa jirani pawepo wa kulipa. Pia anaweza kuonyesha kwamba wafanyakazi wake wamekingwa na WSIB, bodi ya Ontario inayowafidia wanaoumia kazini. Asiyekuwa na bima ni rahisi kwelikweli, hadi siku kibarua atakapoanguka kwenye ngazi zako na kutafuta wa kumdai.

Tatu, vibali na leseni. Jiji la Toronto linawataka wakarabati wa majengo wawe na leseni ya jiji. Kuondoa ukuta unaobeba nyumba, kuongeza bafu au kutengeneza makazi ya pili ndani ya nyumba kunahitaji kibali cha ujenzi, na kibali huleta wakaguzi. Kazi ya umeme ina mlinzi wake, Electrical Safety Authority: ukimwajiri mtu wa kufunga umeme, sharti awe mkandarasi wa umeme mwenye leseni, na kazi iarifiwe ili iweze kukaguliwa. Kazi ya gesi iko chini ya TSSA. Kila hatua kati ya hizo ina ada na siku za kungoja, na mwenye bei ya chini sana kwa kawaida hana nafasi ya ada wala ya kungoja.

Nne, pengine ndiyo kubwa kuliko zote, bei yenyewe si ya kweli. Imetolewa ili kukushika. Arbuni ikilipwa na ukuta ukibomolewa, nyongeza zinaanza: bomba hili limeoza, sakafu hii haiko sawa, vigae ulivyochagua havikuhesabiwa. Nyumba haina bafu, vumbi limejaa hadi chumbani kwa bibi, na kumfukuza fundi wa kwanza ni kuanza upya na wa pili ambaye hatakubali kuwajibika kwa kazi ya mwenzake. Hapo mwenye nyumba hana tena nguvu ya kupatana. Analipa.

Yaliyo nyuma ya ukuta

Nyumba nyingi za Toronto ni za zamani, na uzee wao umefichwa. Zilizojengwa kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa bado na nyaya za mtindo wa kale zilizopitishwa kwenye vishikizo vya kauri. Zilizojengwa kabla ya katikati ya miaka hiyo huenda zinapata maji kwa bomba la risasi. Nyingi za kabla ya 1990 zina asbesto katika vigae vya sakafu, vifuniko vya mabomba au dari. Kanada iliweka marufuku ya asbesto mwishoni mwa 2018, lakini iliyokwisha kuwekwa majumbani bado ipo. Ikiachwa bila kuguswa haina hatari kubwa. Ikivunjwa kwa nyundo na kijana asiye na barakoa, vumbi lake linaingia mapafuni mwake na mwa watoto wa nyumba hiyo, na ugonjwa wake huweza kuchukua miongo kujitokeza. Mkandarasi aliyehesabu vizuri ameweka fedha za kupima kwanza. Aliyehesabu vibaya ameweka fedha za nyundo tu.

Baridi nayo ina hesabu yake. Katika eneo la Toronto, misingi na nguzo za nje huchimbiwa chini angalau mita 1.2, kwa sababu udongo wa juu huganda wakati wa kipupwe, hutanuka na kusukuma kila kilichosimama juu yake. Kuchimba nusu ya kina hicho kunaokoa siku nzima ya kazi. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Baada ya vipupwe viwili au vitatu, kibaraza kinapinda na ufa unapanda ukutani. Methali tuliyoikariri darasani inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mji huu kuna ufa unaonunuliwa pamoja na bei.

Wanaolipa kwa miili yao

Tumesema gharama huhamia kwa mtu mwingine. Mtu wa kwanza ni mfanyakazi. Mkesha wa Krismasi, Desemba 24, 2009, wafanyakazi wa kampuni ya Metron Construction walikuwa wakikarabati roshani za zege za jengo la ghorofa katika nambari 2757 Kipling Avenue, kaskazini mwa Etobicoke, eneo ambalo wasomaji wetu wa Rexdale wanalipita kila siku. Jioni ilipokaribia, watu sita walikuwa juu ya jukwaa moja la kuning'inia. Kamba za usalama zilikuwa mbili. Jukwaa lilikatika katikati, watano wakaanguka, na wanne kati yao wakafa. Wa tano aliumia vibaya. Aliyebaki juu alikuwa amejifunga kamba ipasavyo. Waliokufa walikuwa wahamiaji, watu wa kufanya kazi mbali na kwao kama wazee wetu wengi walivyofanya walipofika.

Mahakamani ilielezwa kwamba jukwaa lile lilifika bila alama ya mtengenezaji wala maandishi ya uzito linaoweza kubeba, na kwamba kampuni ingepata zawadi ya dola 50,000 kama ingemaliza kabla ya mwaka kwisha. Kampuni ilitozwa faini ya dola 200,000, kisha mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya Ontario ikaipandisha hadi 750,000. Mwaka 2016 meneja wa mradi alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Tangu Aprili 1, 2015, wafanyakazi wa ujenzi wa Ontario wanaofanya kazi juu wakiwa na vifaa vya kuwazuia kuanguka ni lazima wapate mafunzo maalumu. Sheria hiyo tunayoiona leo kama jambo la kawaida ilikuja baada ya mazishi manne.

Tunaleta kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi kile ambacho karatasi ya makisio haionyeshi. Kamba ya usalama, mafunzo, jukwaa lililokaguliwa na siku ya ziada ya kazi ni fedha. Ukikuta bei ambayo haiwezi kuvibeba vitu hivyo, ujue vinabebwa na mgongo wa kibarua.

Jengo lililobana matumizi

Mtu wa pili anayelipa ni mkazi ambaye hakuulizwa. Usiku wa Juni 14, 2017, moto ulioanzia kwenye friji ya ghorofa ya nne uliteketeza Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 magharibi mwa London. Watu 72 walikufa. Wengi walikuwa wahamiaji na watoto wao, wakiwamo wenye asili ya Eritrea, Ethiopia na Sudan.

Jengo lile lilikuwa limetoka kwenye ukarabati uliokamilika mwaka 2016. Mkandarasi wa kwanza aliyetarajiwa alitaka zaidi ya pauni milioni 11, kiasi kilichozidi bajeti kwa takriban milioni 1.6. Wasimamizi wa jengo wakaitangaza zabuni upya, na kampuni ya Rydon ikaipata kazi kwa bei ya chini zaidi. Katika kuendelea kubana, paneli za zinki zilizokuwa zimependekezwa kwa ukuta wa nje zikabadilishwa kuwa paneli za alumini zenye plastiki katikati. Akiba iliyopatikana kwa badiliko hilo ilihesabiwa kuwa karibu pauni 293,000. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba paneli hizo ndizo zilizokuwa sababu kuu ya moto kupanda nje ya jengo kwa kasi ile.

Lazima tuseme haki: bei haikuwa kosa la pekee. Ripoti ya mwisho ya tume, iliyotolewa Septemba 2024, iliwalaumu pia watengenezaji waliopotosha kuhusu bidhaa zao, wasanifu, wakaguzi na serikali. Lakini kila mlango uliofunguliwa kwa kosa ulikuwa umesukumwa kidogo na hamu ya kupunguza gharama. Na waliokuwa wakipunguza hawakuwa wale waliolala ghorofa ya ishirini.

Sheria inampa nini mwenye nyumba?

Ontario ina kinga kadhaa, na wengi wa wazee wetu hawajazisikia. Chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2002, mkataba uliotiwa sahihi nyumbani kwako unaweza kuuvunja ndani ya siku 10 tangu upewe nakala yake, bila kutoa sababu. Kama makisio yameandikwa ndani ya mkataba, bei ya mwisho haiwezi kuyazidi kwa zaidi ya asilimia 10, isipokuwa wewe mwenyewe umekubali kazi mpya au bei mpya. Kwa hiyo makisio ya dola 24,000 hayawezi kupita 26,400 kienyeji. Ndiyo maana baadhi ya wakandarasi humletea mama karatasi ya "mabadiliko" katikati ya kazi na kusema ni ya kawaida tu. Hiyo karatasi ndiyo ya kusomwa polepole kuliko zote.

Sheria ya Ujenzi ya Ontario inamtaka mwenye nyumba azuie asilimia 10 ya malipo kwa muda wa siku 60, ili mafundi wadogo na wauza vifaa ambao mkandarasi hakuwalipa wapate pa kudai. Hapa kuna hatari nyingine ya bei ya chini: mkandarasi akifilisika njiani, fundi bomba asiyelipwa anaweza kusajili madai juu ya nyumba yako, ingawa wewe ulikwisha kulipa. Zile asilimia 10 ulizozuia ndizo ngao yako.

Mambo yakiharibika, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tangu Oktoba 1, 2025 inasikiliza madai hadi dola 50,000. Lakini kushinda kesi si kupata fedha. Mkandarasi asiye na ofisi, bima wala jina lililosajiliwa ni vigumu kumkamata hata ukiwa na hukumu mkononi.

Maswali ya kuuliza kabla ya sahihi

Hatusemi kwamba bei ya chini daima ni ya tapeli. Kijana aliyeanza kazi juzi anaweza kuwa fundi hodari asiye na gharama kubwa za ofisi, na kampuni yenye bei ya juu inaweza kuwa inakutoza magari yake yenye kung'aa. Wala hatusemi kwamba tuwakwepe watu wetu. Tatizo la "huyu ni mtu wetu" ni kwamba hutuzuia kuuliza maswali tunayomuuliza mgeni, tukiona haya. Fundi mzuri haoni vibaya kuulizwa. Basi tuulize:

Je, makisio yote yanahusu kazi ileile? Andika orodha ya kazi na vifaa, uwape wote orodha moja.

Namba yake ya leseni ya jiji ni ipi, na ya mkandarasi wa umeme atakayemleta ni ipi? Zote zinaweza kuhakikiwa.

Nani ataomba kibali? Akijibu "hakihitajiki", piga simu jijini uulize mwenyewe.

Cheti chake cha bima kinaonyesha jina lilelile lililo kwenye mkataba?

Malipo yatafuata hatua gani? Arbuni iwe ndogo. Asilimia 10 inatosha kwa kazi nyingi. Malipo mengine yafuate kazi iliyokwisha kuonekana.

Je, tunaweza kumtembelea mteja aliyemfanyia kazi miaka mitatu iliyopita? Wa mwezi uliopita bado hajaona kipupwe.

Na swali la mwisho, ambalo tungependa kila mwanachama wa klabu hii alijue kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: "Wenzako wawili wametaka fedha nyingi zaidi kuliko wewe. Hiyo tofauti umeitoa wapi?" Mwenye jibu atalieleza kwa mistari na tarakimu: sinunui vigae vya aina ile, natumia vibarua wawili badala ya watatu, sina duka. Hiyo inaweza kuwa bei nafuu kweli. Akicheka tu na kusema "usijali, mama," mwambie mama asitie sahihi usiku huo.